Wanafunzi Wanane na Mtihani Uliobadilika: Uchambuzi wa Kisa cha Kikundi cha Uuguzi Marekani, 2022–2023

Kuhusu kisa hiki

Tarehe 1 Aprili 2023, NCLEX, mtihani wa leseni ya uuguzi unaotumika Marekani, ulianza kutolewa kwa sura mpya. Anayetaka kusajiliwa kuwa muuguzi nchini humo hana njia ya kuukwepa, awe amesomea Texas, Nairobi au Dar es Salaam, na kwa hiyo mabadiliko yake yaliingia katika nyumba nyingi zinazozungumza Kiswahili, ughaibuni na nyumbani.

Kisa ninachokichambua ni cha wanafunzi wanane waliokuwa wakisomea stashahada ya uuguzi ya miaka miwili katika chuo kimoja cha umma nchini Marekani. Wote ni wahamiaji kutoka Kenya, Tanzania na Kongo. Mimi ni muuguzi aliyesajiliwa, na niliongoza vikao vyao vya jioni kwa kujitolea. Jimbo, mji, chuo na umri vimeondolewa, baadhi ya maelezo ya kifamilia yamebadilishwa, na wanafunzi wanatajwa kwa herufi tu. Wameridhia kisa chao kitumike kufundishia, na wameomba kisielezwe kwa kupambwa.

Usuli: nini hasa kilibadilika

Mtihani huu husimamiwa na baraza la kitaifa linalounganisha bodi za uuguzi za majimbo, linalojulikana kwa kifupi kama NCSBN. Tangu 1994 hufanywa kwenye kompyuta, nao hujirekebisha kadiri mtahiniwa anavyojibu: akipata swali, linalofuata huwa gumu kidogo, akikosa, huwa rahisi kidogo, mpaka kompyuta iwe na uhakika wa asilimia 95 kwamba uwezo wake uko juu au chini ya kiwango cha kufaulu. Ndiyo maana watu wawili waliofaulu siku moja wanaweza kuwa wamejibu idadi tofauti kabisa ya maswali.

Katika kipindi kilichotangulia mabadiliko, mtahiniwa wa ngazi ya muuguzi aliyesajiliwa alijibu maswali 75 kwa uchache na 145 kwa wingi. Katika mtihani mpya ni 85 kwa uchache na 150 kwa wingi, na muda umebaki saa 5. Katika maswali 85 ya chini, 15 ni ya majaribio ambayo hayahesabiwi, na kati ya 70 yanayohesabiwa, 18 hutoka katika visa vitatu vya wagonjwa, kila kisa kikiwa na maswali sita. Humo mtahiniwa hufunguliwa faili la mgonjwa lenye kurasa za maelezo ya wauguzi, vipimo vya mwili, majibu ya maabara na maagizo ya daktari, na faili hilo huendelea kujazwa kadiri saa za mgonjwa zinavyosonga.

Maswali hayo sita hufuata hatua sita za kile ambacho baraza linakiita uamuzi wa kiuuguzi: kutambua dalili zenye maana, kuzichambua, kupanga uwezekano kwa uzito wake, kutafuta njia za kumsaidia mgonjwa, kutenda, na kutathmini kama kilichotendwa kimefaa. Baraza lilianza kuyajaribu maswali ya namna hii Julai 2017, kwa kuwaomba watahiniwa wajibu kwa hiari sehemu ya utafiti mwishoni mwa mtihani wa kawaida. Hoja ya mabadiliko ilikuwa kwamba muuguzi mgeni kazini hukabidhiwa maamuzi mazito mapema sana, wakati maswali ya jibu moja yalikuwa yakipima zaidi anachokijua kuliko anavyofikiri.

Utoaji wa alama nao ulibadilika. Zamani, swali la “chagua yote yanayofaa” lilikuwa la kupata yote au kukosa yote. Sasa mtahiniwa hupata alama kwa kila alichopatia. Hata hivyo, katika maswali yasiyotaja idadi ya majibu yanayotakiwa, kila chaguo lisilo sahihi humwondolea alama moja, ingawa jumla ya swali haishuki chini ya sifuri. Pale swali linapotaja idadi, kwa mfano “chagua matatu”, kosa halipunguzi kitu. Yako pia maswali ambayo jibu na sababu yake huhesabiwa pamoja, ukikosa kimoja umekosa vyote. Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu kutoyaelewa kuliwagharimu wanafunzi hawa wiki nyingi.

Wahusika

Wanne kati ya wanane, A, B, C na D, walikuwa wamalize masomo Desemba 2022, na kwa hiyo wangeweza kuufanya mtihani wa zamani iwapo taratibu zingekwenda haraka. Wanne wengine, E, F, G na H, walikuwa wamalize Mei 2023, na kwao mtihani mpya haukuwa na mbadala.

Saba kati yao walikuwa wakifanya kazi ya usaidizi wa muuguzi, wengi katika makazi ya wazee na wengi kwa zamu za usiku. B, mwenye umri mkubwa kuliko wote, alikuwa ameifanya kazi hiyo kwa muda mrefu kiasi kwamba wakufunzi wengine chuoni walimwomba awaoneshe vijana namna ya kumgeuza mgonjwa mzito bila kumuumiza. Kikundi kizima kilimwita Mama, nami pia.

Mfuatano wa matukio

Septemba 2022 kikundi kilianza kukutana kutokana na hofu, wala si kutokana na mpango. Uvumi ulikuwa mwingi. Mmoja alikuwa ameambiwa kazini kwamba mtihani mpya umetungwa ili wahamiaji wapungue. Mwingine alisikia kwamba kiwango cha kufaulu kimepandishwa. Wa tatu alikuwa na habari njema kwamba sasa alama hutolewa hata kwa jibu la nusu, hivyo mtu akichagua kila kitu hatakosa chochote. Kiwango cha kufaulu hakikuwa kimepandishwa. Kiliachwa palepale kilipokuwa katika mtihani wa zamani. Habari ya kuchagua kila kitu ndiyo iliyokuwa hatari zaidi kuliko zote, kwa kuwa ilikuwa na nusu ya ukweli ndani yake.

Oktoba walichanga fedha, wakanunua usajili wa benki ya maswali mtandaoni, na kwa miezi miwili walifanya maswali ya sura mpya: ya kuburuta majibu, ya kujaza jedwali, ya kupigia mstari maneno ndani ya maelezo ya wauguzi, ya kuchagua kutoka kwenye orodha inayofunguka, na lile linaloweka ugonjwa katikati, hatua mbili upande mmoja na mambo mawili ya kufuatilia upande wa pili. G alikuwa hodari kuliko wote. Asilimia zake katika benki ya maswali zilipanda kila wiki, na wenzake wakaanza kujipima kwake.

Mwanzoni mwa Januari 2023 niliwapa faili moja nililolitunga mwenyewe, kwani sheria ya faragha ya wagonjwa haituruhusu kutumia mafaili halisi. Lilimhusu bibi wa miaka 78, siku ya pili baada ya upasuaji wa nyonga, akiwa na mpira wa mkojo. Maelezo ya asubuhi yalisema ametulia na anajua jina lake, mahali alipo na siku. Ya saa sita mchana yalisema anamwita marehemu dada yake na anajaribu kushuka kitandani. Joto 38.6, mapigo 118, pumzi 26 kwa dakika, presha 88 kwa 50, oksijeni asilimia 91, mkojo mililita 40 kwa saa mbili zilizopita. Niliuliza swali moja tu, bila majibu ya kuchagua: ungeanza kushughulika na nini, na kwa sababu ipi?

Wanne walisema waweke kengele ya kitanda na mtu wa kukaa naye asije akaanguka. Wawili walisema maumivu. Mmoja alisema ampe oksijeni, ambalo ni jambo la kufanya, lakini alipoulizwa kwa nini oksijeni imeshuka hakuwa na la kueleza. G aliuliza majibu ya kuchagua yako wapi. Hakuna aliyetamka kwamba mwili wa bibi huyu unashindwa na maambukizi, ingawa wote wanane walikuwa wamelijibu swali la sepsisi mtandaoni, na kwa usahihi, wiki hiyohiyo.

B alijieleza vizuri kuliko wote. Alisema, “Wazee wengi huongea hivi jua likielekea kuzama, na ukiwashika kwa upole hutulia.” Nikamuuliza, “Mama, na asubuhi alikuwa akiongea hivyo?” Alirudi kwenye ukurasa wa asubuhi, akausoma polepole, kisha akaanza kuhesabu mkojo kwa vidole.

Kuanzia hapo vikao vilibadilika, kama nitakavyoeleza chini. Wakati huohuo wanne wa Desemba walikuwa wakisubiri karatasi. Mhitimu huomba leseni kwa bodi ya jimbo, hujiandikisha kwa mtihani na kulipa dola 200, chuo hutuma uthibitisho wa kuhitimu, na ndipo idhini ya kufanya mtihani hutolewa. A na D walipata idhini mapema, wakafanya mtihani wa zamani kabla ya katikati ya Machi. Uthibitisho wa B ulichelewa kutoka chuoni, na alipopata idhini, viti vya mwisho wa Machi katika vituo vya karibu vilikuwa vimejaa. C alipata kiti katika wiki ya mwisho ya Machi baada ya zamu kadhaa za usiku mfululizo, akaenda.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa kuwahi au kutowahi. A na D waliwahi kwa sababu walikuwa tayari: masomo yalikuwa bado mabichi kichwani, na walikuwa wameomba likizo kazini. C aliwahi kwa sababu ya tarehe. Alisema waziwazi kwamba hajajiandaa, lakini kuufanya mtihani anaoufahamu akiwa na maandalizi nusu kulionekana kwake kuwa salama kuliko kuufanya asioufahamu akiwa amejiandaa kamili. Nilimshauri aahirishe. Hata hivyo namwelewa: familia mbili, moja huku na moja nyumbani, zilikuwa zikitegemea mshahara ambao ungeongezeka mara tu leseni ikitoka.

B alipewa njia ya kusafiri hadi jimbo jingine ambako kulikuwa na kiti kabla ya Aprili. Alikataa. Hoja yake ilikuwa kwamba fedha za nauli na hoteli zingemnunulia wiki mbili bila zamu za ziada, na kwamba baada ya lile faili la Januari alikuwa ameona kinachompungukia, na kinachompungukia hakina tarehe.

Uamuzi wa pili ulikuwa wa namna ya kusoma. Tuliacha benki ya maswali kwa kipindi chote cha kwanza cha kila kikao. Badala yake mwanafunzi mmoja alipewa faili la karatasi, akalisoma kwa sauti ukurasa baada ya ukurasa, na wenzake wakaulizwa maswali sita yaleyale kila wiki: umeona nini, kinamaanisha nini, lipi ni la hatari zaidi, ufanye nini, uanze na lipi, na utajuaje kwamba limefaa. Majibu ya kuchagua hayakuwapo. Sababu ilikuwa kwamba majibu yaliyokwisha kuandikwa humwonesha msomaji mahali pa kutazama, na ni kutazama kwenyewe ndiko kulikokuwa kumewashinda. Ilipofika nusu ya kikao, faili lilelile lilirudi likiwa na maswali ya sura mpya, kwenye kompyuta, kwa saa inayotembea.

Uamuzi wa tatu ulikuwa wa lugha, na ulizua ubishi. F na H walitaka kila kitu kiwe kwa Kiingereza kwa kuwa mtihani ni wa Kiingereza. B na C walisema kwamba wakijadili kwa Kiingereza huchagua sentensi wanazoweza kuzisema, wakaacha mawazo wanayoyaona. Tukakubaliana kwamba mjadala wa faili ufanyike kwa Kiswahili bila kizuizi, na nusu ya pili, yote, kwa Kiingereza. Kila mmoja alitakiwa pia kumaliza kwa taarifa fupi ya mdomo ya kumpa daktari kwa simu: hali ilivyo, historia, tathmini na ombi. Hiyo ilikuwa kwa Kiingereza kila mara.

Uamuzi wa nne ulihusu alama. Tulijadili mifano mpaka kila mmoja akaweza kueleza ni wapi kubahatisha kunagharimu na wapi hakugharimu. Kanuni waliyojiwekea ilikuwa rahisi: pasipotajwa idadi, chagua lile unaloweza kulitetea mbele ya mwenzako, pakitajwa idadi, jaza nafasi zote.

Matokeo

A na D walifaulu mtihani wa zamani kwa mara ya kwanza. C alifeli mtihani wa zamani. Kanuni inamtaka aliyefeli asubiri siku 45 kabla ya kurudia, na kwa hiyo alirudi kwenye vikao akijua kwamba mtihani aliokuwa akiukimbia ndio utakaomkuta. Aliufanya majira ya joto, akafaulu.

B alifanya mtihani mpya mwezi Mei, akafaulu mara ya kwanza. E na F walifaulu mara ya kwanza pia. G, ambaye asilimia zake katika benki ya maswali zilikuwa za juu kuliko za wote, alifeli mara ya kwanza na kufaulu mara ya pili. H alikuwa hajafanya mtihani mwaka ulipoisha, kwa sababu zilizohusu malezi ya mtoto na fedha, na hazikuhusu uwezo wake hata kidogo.

Uchambuzi

Nianze na kuwahi, kwa kuwa ndilo jambo lililozungumzwa zaidi. Ukiangalia watatu waliofanya mtihani wa zamani, wawili walifaulu na mmoja akafeli, na tofauti yao haikuwa katika sura ya mtihani. A na D wangeufaulu ule mpya pia. Sina shaka na hilo, nimewaona wakisoma mafaili. C hakufelishwa na mtihani wa zamani ambao wote waliamini ni rahisi, alifelishwa na usingizi na miezi miwili ya kutosoma. Tarehe ya mwisho ilimpa kisingizio chenye heshima cha kwenda kabla ya wakati wake. Takwimu za kitaifa zilizotoka baadaye zinaelekea upande huohuo: waliosomea Marekani na kufanya mtihani wa wauguzi waliosajiliwa kwa mara ya kwanza walifaulu kwa karibu asilimia 80 mwaka 2022, na kwa zaidi ya asilimia 88 mwaka 2023. Miezi mitatu ya mwanzo ya 2023 ilikuwa ya mtihani wa zamani, na waliofanya mwaka 2022 wengi wao walisoma katikati ya janga la korona wakiwa na nafasi chache za mafunzo wodini, kwa hiyo takwimu hizo hazithibitishi kwamba mtihani mpya ni mwepesi. Zinatosha kuonesha kwamba hofu ya kuukimbia haikuwa na msingi.

Jambo la pili, na kwangu ndilo zito kuliko yote, ni uzoefu wa kazi. Tulidhani wasaidizi wa wauguzi wangefaidika na mtihani unaohusu wagonjwa halisi badala ya vitabu. Walifaidika, lakini kwanza uzoefu uliwaumiza. Mtu aliyewahudumia wazee kwa miaka mingi amejifunza, kwa haki kabisa, kwamba mzee anayechanganyikiwa jioni si dharura. Amelijifunza hilo mahali ambapo wagonjwa ni walewale kila siku, na ambapo kazi yake ni kutuliza na kuripoti, si kuamua. Akipewa faili la bibi aliyekuwa timamu asubuhi, uzoefu humletea jibu kabla ya macho kumaliza kusoma. Wanafunzi wasio na uzoefu hukosa kwa kutojua. B alikosa kwa kujua kitu kingine, na kosa la namna hiyo halirekebishwi kwa kusoma zaidi kuhusu sepsisi.

Kilichomsaidia B ni kulinganisha. Alijizoeza kuuliza, kabla ya swali lolote jingine, mgonjwa huyu alikuwaje mara ya mwisho alipoandikwa. Swali hilo moja likageuza uzoefu wake kuwa nguvu: hakuna mwingine kikundini aliyeweza kusema, kama alivyosema yeye mwezi Machi kuhusu faili jingine, kwamba mgonjwa aliyekuwa akilalamikia chakula kila siku na leo halalamiki anahitaji kupimwa vipimo vyote upya. Katika faili la bibi wa nyonga alirudi na mlolongo mzima. Mkojo wa mililita 20 kwa saa, presha ambayo wastani wake (namba ya chini ikihesabiwa mara mbili) ni takriban 63 wakati tunataka usipungue 65, pumzi za haraka, fahamu iliyobadilika, na mpira wa mkojo kama mlango wa maambukizi. Akaeleza kwamba ataita msaada, ataomba agizo la kupima laktati, asidi ya damu inayopanda viungo vikikosa oksijeni ya kutosha, damu ya kuotesha vijidudu itolewe kabla ya antibayotiki bila kuchelewesha dozi, dripu ianze, na kwamba atajua inafaa kwa kuangalia mkojo, presha na kama bibi anamtambua tena. Hizo ni hatua zote sita, na hakuwa ameonyeshwa jibu hata moja la kuchagua.

Kisa cha G kinafundisha kutoka upande wa pili. Benki ya maswali ilimpa kitu halisi: haraka, utulivu mbele ya skrini, na kutoshangazwa na jedwali au maneno ya kupigia mstari. Vitu hivyo vina thamani, na sisemi wanafunzi waache benki za maswali. Lakini asilimia zake zilipanda kwa sehemu kubwa kwa sababu alikuwa amewazoea watungaji. Alijua kwamba swali likitaja potasiamu, jibu litahusu moyo. Likitaja mpira wa mkojo, litahusu maambukizi. Faili lenye mambo ishirini ya kweli ambayo kumi na tano hayana uzito halitoi ishara kama hizo. Anayefeli hupewa ripoti inayoonesha, kwa kila eneo la mtihani, kama alikuwa juu, karibu au chini ya kiwango, na ya G ilionesha udhaifu katika usimamizi wa huduma na katika kupunguza hatari, maeneo yanayodai kupanga nani na nini kwanza. Alipofanya mafaili ya karatasi kwa wiki chache, akilazimishwa kuandika ni taarifa zipi anazipuuza na kwa nini, ndipo mambo yalipofunguka. Kuandika unachokipuuza ni zoezi nililolianza kwa ajili yake, nami nalitumia kwa kila kikundi tangu wakati huo.

Jambo moja dogo la mtihani lilipunguza hofu kuliko nilivyotarajia. Ndani ya kisa kimoja, maswali sita hayabadiliki kufuatana na jibu lako, na huwezi kurudi nyuma. Wanafunzi waliposikia kwanza waliona ni ukali. Baadaye waligundua kwamba kukosa swali la pili hakuharibu la tatu, na kwamba mara nyingi ukurasa unaofuata hukuonesha hali ilivyoendelea, ukaweza kujirekebisha. E aliniambia kwamba katika kisa chake cha kwanza alijua amekosea kutambua tatizo, akakubali, akaendelea na mgonjwa kama alivyokuwa sasa, na hilo ndilo muuguzi hutakiwa kufanya hata wodini.

Kuhusu lugha, naona uamuzi ulikuwa sahihi ingawa una gharama. Mjadala wa Kiswahili ulitoa mawazo ambayo Kiingereza kilikuwa kimeyafungia, hasa kwa C, ambaye katika vikao vya mwanzo alionekana mzito wa kuelewa na baadaye akawa ndiye anayeuliza maswali makali zaidi. Gharama ilikuwa kasi ya kusoma. Faili la mtihani lina maneno mengi, na mwanafunzi aliyezoea kusimuliwa na mwenzake kwa Kiswahili husoma kurasa za Kiingereza polepole. Nusu ya pili ya kikao ilisaidia, lakini kwa F haikutosha. Alifaulu, ila kwa maelezo yake saa yake ilikaribia kwisha. Kikundi kingine kitakachofuata njia hii kianze kusoma kimyakimya kwa Kiingereza, kwa muda uliopimwa, tangu wiki ya kwanza.

Chuo kilikuwa na sehemu yake. Kilitoa mihadhara miwili kuhusu mtihani mpya, na yote miwili ilionesha sura za maswali. Wakufunzi walikuwa na nia njema na muda mdogo. Ila ucheleweshaji wa uthibitisho wa kuhitimu, ambao ulimfungia B mlango wa Machi, ungeweza kuepukwa kwa kuwaeleza wanafunzi mapema nani anatuma nini na lini. Kwa B uliishia vizuri. Kwa mwingine aliyekwisha kuacha zamu zake akitegemea tarehe, ungekuwa hasara ya kodi ya nyumba.

Vikao vyetu havikuweza kutatua tatizo la H. Alihudhuria kila alipoweza, na mafaili aliyasoma vizuri kuliko nusu ya waliofaulu. Alipungukiwa saa nne za mchana zenye utulivu kwa wiki, mtu wa kumwangalizia mtoto siku ya mtihani, na dola 200 ambazo hazijaahidiwa kwingine. Kikundi kilichomfuata kimetenga mchango mdogo wa kila mwezi kwa ajili ya ada ya mtihani, na A na D, ambao sasa wana leseni, hupokezana kumwangalia mtoto wake kila Jumamosi asubuhi wakati yeye anasoma.